Kuipamba nyumba finyu kwa kipato kidogo: mwongozo kwa familia za Mjini Unguja



Kila Ramadhani inapokaribia, na tena harusi zinapoanza Mfunguo Mosi, suali moja hurudi kwetu kwa sura mbali mbali: vipi familia yenye chumba kimoja au viwili, na kipato cha kubanabana, itaifanya nyumba yake ipendeze bila ya kuingia katika israfu wala deni? Hapa tumekusanya tuyajuayo kuhusu nyumba za mjini kwetu, vitu vya kuzipambia vinavyopatikana hapa hapa, na hukumu za kisheria zinazohusika. Msomaji wa Michenzani na msomaji wa Malindi hawana nyumba ya aina moja, kwa hiyo tunaanza na nyumba yenyewe.

Nyumba za maendeleo na nyumba za Mji Mkongwe

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilianza kujenga nyumba za ghorofa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Kikwajuni na Kilimani zilitangulia, kisha katika miaka ya 1970 yakainuka majumba ya Michenzani, marefu kiasi cha watu kuyaita treni. Wengi wetu huziita zote nyumba za maendeleo. Ni nyumba za zege, kuta zimenyooka na dari ni tambarare. Tabu yake ni nafasi na ngazi. Fundi anayekwambia kuwa ukuta kati ya sebule na chumba si kitu, atautoa kwa siku moja, hajui ukuta huo umebeba nini juu yake, na wewe hujui pia. Nyumba za Serikali zinasimamiwa na Shirika la Nyumba Zanzibar, na suala la kuvunja ukuta ni la mhandisi, si la seremala wala la mpangaji.

Mji Mkongwe ni habari nyengine. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa na udongo, nene kiasi cha nusu mita, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vingi huko ni virefu na vyembamba. Baada ya 1964 majumba mengi makubwa yaligawiwa familia kadhaa, kwa hiyo chumba ambacho leo ni sebule, jiko na pa kulala huenda zamani kilikuwa ukumbi wa kupokelea wageni tu. Jiko na bomba havikuwepo. Vimeongezwa baadaye, na maji yanayovuja hapo ndiyo yanayoozesha boriti.

Hapa pana jambo la roho za watu, si la urembo tu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, limekalia boriti ambazo huenda zina zaidi ya miaka 100. Ongeza sakafu mpya ya saruji na vigae, kabati la milango minne na friji, na chumba kinabeba mzigo ambao mjenzi wake hakuufikiria. Sote tunakumbuka Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, upande wake mmoja ulipoanguka tarehe 25 Disemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wakapoteza maisha. Basi kabla ya kununua hata kopo moja la rangi, inua macho. Dari lililopinda, unga wa mbao unaoanguka sakafuni kila asubuhi, ufa unaozidi kupanuka juu ya dirisha: hayo yanataka fundi anayeijua chokaa na boriti, na pesa za urembo ziende huko kwanza. Vitu vizito navyo vikae karibu na ukuta uliozibeba ncha za boriti, sio katikati ya chumba.

Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kubadilisha mlango, dirisha au sura ya nyumba kunahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Ikiwa nyumba ni ya wakfu, na hizo ni nyingi, kuna pia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kisheria mpangaji wa wakfu hukodi manufaa tu. Mali yenyewe imezuiliwa kwa ajili ya Allah kwa masharti ya aliyeitoa. Kupaka, kutandika na kutundika ni sawa kadiri mkataba unavyoruhusu. Kujenga juu, kuvunja, au kung'oa mlango wa kuchonga na kuuuza ni khiyana, hata kama umelipa kodi kwa miaka 30.

Ukuta na rangi yake

Kosa linaloonekana zaidi Mji Mkongwe ni kuupiga ukuta wa chokaa lipu ya saruji au rangi ya mafuta ili kuzuia unyevu. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu wa ardhi na wa mvua za masika, kisha huutoa hewani taratibu. Ukiuziba, unyevu haupotei. Hupanda juu zaidi, rangi huvimba na kubanduka kama ganda, na chumvi nyeupe hutokeza. Mwaka wa pili unapaka tena, na wa tatu tena. Chokaa ndiyo rahisi na ndiyo inayoufaa: iliyozimwa na kuchujwa, ikorogwe nyepesi kama maziwa, ukuta uloweshwe kidogo, kisha upakwe mikono mitatu au minne myembamba, kila mmoja ukiachwa ukauke. Anayetaka rangi huchanganya unga wa rangi kidogo. Kinga macho na uwaweke watoto mbali, kwani chokaa mbichi huunguza.

Kwenye zege la Michenzani rangi ya maji inatosha, na hapa hesabu huokoa pesa. Chumba cha mita 3 kwa 3.5, chenye mita 2.8 kwenda juu, kina kuta za mita za mraba 36 hivi. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 32. Lita moja hufunika wastani wa mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, basi mikono miwili ni karibu lita sita na nusu. Galoni mbili za lita 4 zinatosha na inabaki ya kufutia madoa ya watoto. Ile ndoo ya lita 20 unayoshauriwa dukani itakaukia chini ya kitanda. Dari liwe jeupe, kuta ziwe za rangi nyepesi, na kama unapenda rangi nzito, ipe ukuta mmoja tu, ule unaotazamana na dirisha.

Siku hizi wapo wanaofunika kuta kwa vitambaa vizito, plastiki za kubandika na paneli za kung'aa. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliporudi safari akakuta Bi Aisha (R.A.) ametundika kitambaa mlangoni, alikivuta na kueleza kuwa hatukuamrishwa kuyavisha nguo mawe na udongo. Imam an-Nawawi, ambaye kauli yake ina uzito katika madhehebu yetu ya Shafii, ameeleza kuwa katazo hili ni la karaha, si la haramu, ingawa wako wanavyuoni wa Kishafii waliosema ni haramu. Pazia la dirisha au la mlango kwa ajili ya sitara halimo humo, kwani hilo lina haja inayojulikana. Na kwa nyumba ya mawe, kitambaa au plastiki juu ya ukuta huwa maskani ya kuvu.

Mji Mkongwe una pambo ambalo halinunuliwi: mashubaka ya ukutani. Yapake chokaa nyeupe ndani, weka misahafu na vitabu katika la juu, birika au mtungi katika la chini, na rafu umeshapata bila ya kutoboa ukuta.

Kupunguza kabla ya kuongeza

Fleti ndogo haipambiki mpaka ipunguzwe. Katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Jabir (R.A.), imepokewa kuwa tandiko moja ni la mume, jengine la mke, la tatu la mgeni, na la nne ni la shetani. Wanavyuoni wamefahamisha kuwa makusudio si hesabu ya vitanda. Familia ya watoto saba inahitaji matandiko yake. Makusudio ni kile kinachozidi haja na kuwekwa kwa kujifakharisha. Tembea chumbani mwako kwa kipimo hicho. Seti ya vikombe ambayo haijawahi kunywewa, televisheni mbovu inayosubiri fundi tangu Idi ya mwaka juzi, makochi ya watu saba katika sebule ya mita tatu: kila kimoja kinakula nafasi ya kuswali, ya kulala na ya watoto kufanyia kazi za skuli.

Kinachofaa kwa mwengine kitolewe sadaka. Kilichobaki kipandishwe juu au kishushwe chini: rafu moja inayozunguka chumba nusu mita chini ya dari, na kitanda kilichoinuliwa kwa matofali mpaka masanduku yaingie chini yake. Bibi zetu walikuwa na kasha moja la mbao lililokuwa kabati, kiti na sefu kwa pamoja, na hatuoni kuwa limeshapitwa na wakati.

Hewa, mwanga na kibla

Unguja ina pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma takriban Disemba hadi Machi kutoka kaskazini mashariki, na kusi huvuma katikati ya mwaka kutoka kusini. Ukijua dirisha lako linatazama wapi, utajua pia mahali pa kutoweka kabati. Watu wengi huziba dirisha moja kwa kabati la nguo kisha hununua feni ya pili. Dirisha la upande mmoja na mlango wa upande wa pili vikiachwa wazi, feni moja hutosha na nguo hazitoi harufu ya uvundo wakati wa masika.

Taa ya LED ya wati 9 hutoa mwanga karibu sawa na balbu ya zamani ya wati 60 na haipashi chumba joto. Kioo kikubwa kikitazamana na dirisha huongeza mwanga mchana, na kioo cha mtumba kilichotiwa fremu na seremala kinafanya kazi ile ile. Ila kisiwe upande wa kibla, kwani mwenye kuswali akijiona husahau alichokuwa akikisoma, na chochote kinachomshughulisha mwenye kuswali ni makuruhu kuwepo mbele yake.

Kuhusu kibla, sisi wa Unguja tumerahisishiwa. Makka ipo karibu moja kwa moja kaskazini mwetu. Sisi tuko kidogo baada ya digrii 39 mashariki, na Makka nayo iko kati ya 39 na 40. Kwa hiyo ukuta wa kaskazini ndio wa kuuacha mtupu. Tahadhari na dira ya simu ukiwa karibu na nondo, kitanda cha chuma au friji, kwani hupotea. Sogea katikati ya chumba au pima nje kisha ulinganishe. Mtu mmoja anaswali katika nafasi ya sentimita 70 kwa 120. Familia ikiweza kuacha mita mbili kwa mbili na nusu wazi, baba na watoto watasimama safu na mama nyuma yao, na nafasi hiyo hiyo ndiyo ya kutandika sinia la chakula na magodoro ya usiku.

Mapazia, kanga na picha

Kanga ndiyo kitambaa cha bei nafuu na chenye sura kuliko vyote Mlandege na Darajani. Doti moja ni vipande viwili, kila kimoja takriban mita 1.5 kwa 1.1. Dirisha la upana wa mita 1.2 likipewa doti nzima, kipande kila upande, hupata mikunjo ya kutosha, na pindo la kanga huwa ndilo urembo wa pembezoni. Walakin kanga ni nyepesi. Usiku taa ikiwaka ndani, aliyeko ghorofa ya pili ya ng'ambo anawaona kama kivuli. Shona nyuma yake marekani nyeupe, kitambaa ambacho jina lake ni kumbukumbu ya karne ya 19, pale meli za Salem zilipokuwa zikiteremsha majora yake bandarini kwetu. Sitara ndiyo asili ya pazia. Uzuri ni ziada juu yake.

Soma maandishi ya kanga kabla ya kuitundika. Maneno ya kumsuta jirani yakining'inia sebuleni mbele ya mama mkwe huleta kazi ambayo hakuna aliyeikusudia. Kanga yenye jina la Allah au dua isifanywe foronya wala kitambaa cha kufutia.

Picha zinaulizwa sana. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Bi Aisha (R.A.) alikuwa na pazia lenye picha, Mtume (S.A.W.) akalichukia, naye akalikata akalifanya mto wa kuegemea. Kutokana na hadithi hii na nyenginezo, wanavyuoni wa Kishafii wametofautisha: picha ya chenye roho ikitundikwa mahali pa heshima, ukutani au kwenye pazia, haifai, ikiwa juu ya kinachokaliwa au kukanyagwa, kama mkeka na takia, kutumia kitu hicho hakukatazwi. Picha za kamera za familia wanavyuoni wa zama zetu wamekhitilafiana, na wengi hata katika waliozijuzisha hushauri zikae katika albamu badala ya ukutani. Majahazi, minazi, maua, milango ya kuchonga na nakshi hazina tatizo hili. Anayemiliki kanga yenye jogoo au tausi basi anajua la kufanya: mkasi na uzi, na takia mbili zimepatikana.

Na zile fremu za aya zenye herufi za kung'aa? An-Nawawi ametaja katika kitabu chake at-Tibyan kuwa katika madhehebu yetu ni makuruhu kuchora Qur'ani na majina ya Allah kwenye kuta na nguo. Fremu inayoning'inia si sawa kabisa na ukuta uliochorwa, na wako waliolegeza. Lakini mwenye pesa ya kitu kimoja tu, kati ya fremu ya ukutani na msahafu wenye maandishi makubwa ambao bibi anaweza kuusoma, tunaona la pili ni bora. Ikiwa ipo tayari, iwe juu, isiwe ukuta wa pamoja na choo, na isishikiliwe na msumari ulioungwa kwa gundi.

Sakafu

Hapa ndipo tunapoona Unguja ina utajiri ambao haujathaminiwa. Mikeka ya ukindu na miyaa bado inasukwa na kina mama wa mashamba. Ukili husukwa kwanza, mwembamba na mrefu, kisha hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka upatikane upana. Kwa sababu hiyo mkeka unaweza kuagizwa kwa kipimo cha chumba chako hasa, jambo ambalo zulia la dukani halikupi. Chukua vipimo, agiza rangi mbili tu zinazolingana na mapazia, na umlipe msusi kwa haki. Kumpunguzia mama aliyekaa wiki kadhaa juu ya kazi ya mkono, kisha kulipa bila ya neno bei iliyobandikwa kwenye zulia la kiwandani, si uadilifu.

Mkeka una adabu zake. Ukilowa, utoe juani siku hiyo hiyo. Wakati wa masika usiuache umetandikwa juu ya sakafu inayotoka jasho. Chetezo cha udi kisiwekwe juu yake moja kwa moja; weka sahani ya udongo chini. Kwa mlangoni zipo kazi za kamba za usumba za Bwejuu, Paje na Jambiani, ambako makumbi huchimbiwa pwani kwa miezi kisha hupondwa na kusokotwa kwa mkono. Zinahimili mchanga na maji kuliko plastiki.

Sebule ya chini, magodoro membamba na takia zilizopangwa kuegemea ukuta, ndiyo inayofaa zaidi fleti ndogo. Inapokea watu kumi pahala ambapo makochi yanapokea wanne, na usiku ni vitanda vya wageni. Wako wanaoona haya nayo, wakidhani ni dalili ya ufukara. Sayyidna Umar (R.A.) alimkuta Mtume (S.A.W.) amelala juu ya mkeka ambao alama zake zilibaki ubavuni mwake, hatudhani mgeni wetu ana cheo zaidi. Weka tu kiti kimoja imara chenye mikono kwa ajili ya mzee mwenye magoti mabovu, maana kumketisha mtu mzima chini kisha kumvuta na kumwinua si ukarimu.

Fanicha ya kununua

Pima mlango, pima kona ya ngazi, ndipo uende dukani. Michenzani tumeona kochi likirudishwa kutoka ghorofa ya nne, na katika vichochoro vya Mji Mkongwe gari haliingii kabisa. Wachukuzi wenye mkokoteni huongeza gharama ambayo haikuwemo katika bei. Fanicha inayofunguka vipande ndiyo ya kutafuta.

Mbao za unga uliobanwa hupendeza mwaka wa kwanza. Unyevu wa kisiwani huzivimbisha miguuni na bawaba zikatoka na skrubu zake. Meza ya mbao nzima, hata ya mwembe, kutoka kwa seremala wa mtaani hutengenezeka tena na tena. Mtumba nao ni mzuri kwa vitu vya mbao na chuma. Kwa vyenye sponji na vitambaa, angalia mishono, chini ya kochi na viungo vya mbao: vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu ni vya kunguni. Kukiweka juani kwa saa moja hakutoshi, kwani hujificha ndani. Vitambaa vifuliwe kwa maji ya moto yasiyopungua digrii 60, na ambacho hakifuliki kiachwe, hata kikiwa bure.

Pesa inatoka wapi

Wengi wanaotuuliza kuhusu rangi na makochi, suali lao hasa ni hili. Kununua kwa malipo ya kidogo kidogo kunajuzu hata kama bei ya mkopo ni kubwa kuliko ya taslimu, kwa sharti kwamba bei moja imekatwa na muda unajulikana kabla ya kuachana. Tuchukue mfano: makochi ya shilingi 900,000 taslimu yanauzwa 1,080,000 kwa miezi 12, yaani 90,000 kila mwezi. Hiyo ni biashara. Lakini likiwemo sharti kuwa ukichelewa mwezi mmoja deni linaongezeka, hiyo nyongeza ni riba. Hivi ndivyo lilivyopitisha Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha sita huko Jidda mwaka 1990. Na kukopa 900,000 taslimu kwa mtu au taasisi na kurudisha 1,080,000 ni riba tangu mwanzo, hata ukienda kununulia mswala. Basi soma karatasi mpaka mwisho, kwani sharti la kuchelewa huandikwa huko chini.

Njia salama zaidi kwa kina mama wa hapa ni upatu, au mchezo kama wengine wauitavyo. Al-Qalyubi, mwanachuoni wa Kishafii wa Misri wa karne ya 17, aliueleza kwa sifa zake hizi hizi, wanawake kutoa kiwango maalumu kila wiki au mwezi na kupewa mmoja baada ya mmoja, na akasema unajuzu, akimtegemea al-Wali al-Iraqi aliyemtangulia. Sharti ni kila mmoja apate sawa na alichotoa, na anayepokea mwanzo asiache kulipa akishatandika zulia lake.

La mwisho ni vyombo vya harusi. Katika ndoa nyingi za Unguja kitanda, kabati na makochi hununuliwa kwa pesa za mahari, au na bwana harusi, au na wazee wa pande mbili kwa kuchangia, na hakuna anayeandika chochote kwa kuona haya. Mahari ni haki ya mke kwa nassi ya Suratun-Nisaa, aya ya 4, na kilichonunuliwa kwa mahari yake au pesa zake ni chake. Mume hutumia kwa ridhaa yake. Alichonunua mume bila ya kumpa mke hubaki cha mume, na alichompa zawadi ni cha mke. Ugomvi wa kitanda na friji ni katika mambo yanayoifanya talaka iwe chungu maradufu. Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya mwaka 2017 inampa Kadhi nafasi ya kuangalia mchango wa kila mmoja katika mali ya ndoa, lakini mchango unataka ushahidi. Tunawashauri wazee wanaotoa binti: siku vyombo vinapoingizwa ndani, iandikwe karatasi moja, kitu na aliyekinunua, itiwe saini na pande mbili na mashahidi wawili, iwekwe pamoja na cheti cha ndoa. Risiti zihifadhiwe katika bahasha hiyo hiyo. Hakuna aibu ndani yake, kwani kuandika deni na haki kumeamrishwa katika aya ndefu kuliko zote za Qur'ani.

Wallahu a'lam.